Yoti kuukuu yenye malengelenge: shajara ya kazi, kutoka ukaguzi hadi kurudi majini

Siku ya ukaguzi

Chombo ni yoti ya mlingoti mmoja iliyoundwa 1977, bodi ya faiba tupu isiyo na kiini (tabaka la kati) cha mbao nyepesi za balsa wala povu. Urefu wote ni mita 9.6, urefu wa mstari wa maji mita 7.6, upana mita 3.1, kina mita 1.5. Mkuku ni mrefu, na chuma cha uzito kimefungiwa ndani ya faiba yenyewe.

Muuzaji alipewa sharti moja: chombo kipandishwe chelezoni siku hiyohiyo ya ukaguzi. Yoti iliyokaa nchi kavu miezi mitatu hukauka usoni, malengelenge yakanywea, na anayepitisha kiganja kwenye bodi akadhani ni nzima. Hapa bodi iliangaliwa mara tu baada ya kuoshwa kwa pampu ya shinikizo, taa ikiwa imewekwa ubavuni ili mwanga utambae juu ya bodi. Kila kivimbe hutupa kivuli chake. Ukimulika kutoka mbele huoni kitu.

Bodi yote chini ya mstari wa maji iligawanywa kwa chaki katika miraba ya mita moja, na malengelenge ya kila mraba yakahesabiwa. Upande wa omo yalikuwa 15 hadi 20 kwa mraba. Karibu na tezi yalifika 30. Katikati, upande wa kushoto, chini ya mahali palipo na tangi la maji, mraba mmoja ulikuwa na 96. Mengi yana kipenyo cha milimita 5 hadi 15, machache yanafika 30.

Lengelenge moja lilifunguliwa kwa ncha ya patasi. Anayefungua lazima avae miwani, kwa kuwa majimaji ya humo yamebanwa na huruka usoni. Yalitoka matone mawili matatu, rangi ya chai hafifu, yanateleza kati ya vidole vya glavu kama sabuni ya maji, harufu yake siki. Karatasi ya pH (kipimo cha asidi; 7 maana yake hakuna asidi) ilionyesha 4. Chini ya kifuniko cha jelikoti, tabaka laini la nje la bodi, palikuwa na kitundu chenye nyuzi nyeupe zilizoachwa na resini iliyokuwa ikizishikanisha, zimesimama peke yake kama makumbi yaliyochambuliwa.

Utelezi, harufu na asidi ndivyo vinavyoitenga osmosisi, yaani malengelenge ya maji yaliyopenya ndani ya faiba, na lengelenge la rangi. Lengelenge la rangi hukaa kati ya koti na koti. Ukilipasua hutoka maji yasiyo na harufu, na jelikoti iliyo chini yake ni nzima. Hilo dawa yake ni kukwangua rangi tu, na wako wanunuzi waliokimbia chombo kizuri kwa sababu hiyo.

Chanzo chenyewe ni hiki. Poliesta, resini ya faiba hii, haiungani yote inapoganda. Hubaki glaikoli (kiambato chake kinachoyeyuka majini) isiyoungana, na katika vyombo vingi vya miaka ya 1960 hadi 1980 mkeka wa nyuzi fupi ulio nyuma ya jelikoti ulishikanishwa kwa gundi ya emulsheni, ambayo hupenda maji. Jelikoti ina unene wa kama nusu milimita na haizuii maji kabisa: molekuli ndogo za maji hupenya kuingia, zile kubwa za glaikoli na asidi hazipati njia ya kutoka. Mchanganyiko wa ndani ukawa mzito kuliko maji ya nje, maji yakazidi kuvutwa, jelikoti ikatunishwa. Wakati huohuo maji hayo huvunja viungo vya esta vya poliesta na kuzaa asidi na glaikoli nyingine. Utafiti wa Rockett na Rose wa Chuo Kikuu cha Rhode Island, uliofanywa kwa ajili ya Walinzi wa Pwani wa Marekani miaka ya 1980, ulielekeza kidole hapohapo: vitu vinavyoyeyuka majini vilivyomo ndani ya faiba.

Maji yasiyo na chumvi huharakisha ugonjwa, maana tofauti kati ya ndani na nje huwa kubwa zaidi. Joto nalo huharakisha. Na maji hayaingii kwa nje tu. Upande wa ndani wa bodi hauna jelikoti, kwa hiyo maji yanayolala kwenye ngama, sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, hunywewa kirahisi. Mraba ule wenye malengelenge 96 uko chini ya kona ya ngama ambayo haina njia ya kumwaga maji.

Baada ya hapo nyundo ya plastiki, kila sentimita 10. Faiba nzima hujibu kwa mlio mkali na mfupi. Faiba iliyoachana matabaka hujibu kwa mlio butu, kama kugonga kadibodi. Sehemu tatu zilijibu hivyo, zote ndogo kuliko kiganja, hakuna iliyo karibu na viungo vya kuta za ndani wala mkukuni.

Kipimo cha unyevu kilitumika mwisho, tena kwenye vipande sita vya sentimita 10 kwa 10 vilivyokwanguliwa hadi jelikoti. Rangi ya kuzuia chaza na mwani ina shaba, na shaba hukidanganya kipimo. Kwenye mizani ya 0 hadi 100, bodi juu ya mstari wa maji ilisoma 10 hadi 14, chini yake 55 hadi 80. Namba hizi ni za kulinganisha. Hazisemi faiba ina asilimia ngapi ya maji, na mkaguzi anayezitamka kama asilimia anampotosha mteja wake.

Kununua au kuacha

Osmosisi ya kiwango hiki haizamishi chombo. Kinachostahili kumfukuza mnunuzi ni mlio butu uliotapakaa, bodi inayobonyea ukiisukuma kwa goti kandokando ya kuta za ndani, bodi yenye kiini kilicholowa, au sitaha ya balsa iliyooza. Sitaha hii ilipimwa na kukutwa imelowa eneo moja tu, kandokando ya kitako cha nguzo ya reli. Nyaya za kushikilia mlingoti zimechoka na ziliandikwa kwenye hesabu ya gharama tangu mwanzo.

Mwaka wa kuundwa una maana kubwa kwa yeyote anayetafuta yoti ya aina hii. Nchini Marekani kila chombo kilichoundwa kuanzia 1 Novemba 1972 kina namba ya bodi, kwa kawaida iko kwenye tezi upande wa kulia, nayo hutaja mwezi na mwaka. Linganisha namba hiyo na hati za mauzo. Tofauti ya miaka michache ya kiwanda kilekile inaweza kuwa tofauti ya resini. Mfano unaojulikana ni Valiant 40, iliyochorwa na Robert Perry: zile za nusu ya pili ya miaka ya 1970, zilizomwagwa kwa resini ya kuzuia moto, zilitoka malengelenge hata juu ya mstari wa maji na sitahani. Za baadaye, za resini nyingine, hazina tatizo hilo.

Njia zilizokuwepo ni tatu. Ya kwanza ni kuacha malengelenge yalivyo, kufungua yale makubwa tu kila chombo kinapopandishwa. Kwa yoti ambayo mwenyewe anataka kuitumia miaka michache hilo ni jambo la busara, na wengi wangefaidika kulifikiria kabla ya kukodi mashine. Ya pili ni kutibu mabaka. Ya tatu ni kuchuna jelikoti yote, kuosha, kukausha na kujenga upya. Ya pili ilikataliwa kwa sababu malengelenge yapo kila mraba: ukitibu 40 mwaka huu, jirani zake 40 watatokea mwaka ujao. Chombo kilinunuliwa kwa bei iliyopunguzwa gharama yote ya njia ya tatu, na hesabu hiyo iliambatishwa kwenye mkataba pamoja na picha za miraba ya chaki.

Eneo la kazi lilikadiriwa kwa kanuni ya wauza rangi kwa vyombo vya mkuku mrefu: urefu wa mstari wa maji, mara jumla ya upana na kina, mara 0.75. Yaani 7.6 × 4.6 × 0.75, sawa na mita za mraba 26. Vifaa vyote vinavyofuata vimehesabiwa kwa namba hiyo.

Wiki ya 1: kuvua

Chombo kimekaa juu ya mkuku wake, uzito wote uko hapo. Viegemeo vya pembeni, vinane, vina kazi ya kuzuia kisianguke tu, na kila kimoja kimewekwa penye ukuta wa ndani. Bao za viegemeo ni pana, sentimita 40 kwa 40, kwa kuwa bodi itachunwa ipungue unene na kukaa hivyo miezi.

Koki zote za chini zimetolewa, na propela na shafti pia. Kipande cha bodi kilichotoka na koki moja kimepimwa kwa kalipa: milimita 11. Huo ni unene wa kutosha kuchuna milimita 2 bila wasiwasi. Kabla ya kuchuna chombo chochote unene huu lazima ujulikane.

Rangi ya zamani imekwanguliwa ikiwa imeloweshwa. Vumbi lake ni sumu, halipigwi msasa mkavu hata kidogo. Maganda yamekusanywa juu ya nailoni na kufungwa kama taka ya sumu.

Ndani, mbao za sakafu zimeondolewa, tangi la maji limetolewa, ngama imeoshwa kwa sabuni na maji ya moto kisha kufutwa. Uvujaji wa sitaha umezibwa kwa muda. Kukausha bodi kutoka nje huku mvua inaingia ndani ni kazi bure.

Mkukuni, mahali pa chini kabisa, yametobolewa matundu mawili ya milimita 8 hadi kufika kwenye chuma. Maji ya kutu yalianza kudondoka na hayakukoma kwa siku nne, jumla lita moja na nusu. Matundu yatabaki wazi hadi mwisho wa ukaushaji.

Wiki ya 2: kuchuna

Mashine ni randa ya umeme yenye visu vya kabidi na bomba la kunyonya vumbi. Grinda haikuguswa kwenye maeneo mapana. Grinda huacha mawimbi ambayo yatadai lita nyingi za lipu ya kusawazishia baadaye, na joto lake hupaka resini juu ya vitundu vilivyopaswa kubaki wazi.

Mkupuo wa kwanza milimita 1.2, wa pili 0.8. Mpaka wa juu uko milimita 50 juu ya mstari wa maji, na hapo pameachwa kidaraja kilichonyooka ili tabaka jipya lipate mahali pa kuishia. Pembe za mkuku na usukani zilimaliziwa kwa mkono na msasa namba 40. Mita za mraba 26 kwa milimita 2 ni lita 52 za faiba, karibu kilo 75 za unga na vipande. Anayeandaa mifuko minne atakwama asubuhi ya siku ya pili. Nguo ya mwili mzima na barakoa ya vichujio vya daraja la P3 ni lazima kwa kila aliye ndani ya hema, hata anayeshika taa tu.

Baada ya randa, mchanga laini ulipulizwa kwa shinikizo dogo. Randa hufunika baadhi ya vitundu kwa utando mwembamba, nao mchanga huupasua. Bodi nzima iligeuka rangi ya majivu, na mabaka yenye ugonjwa yakabaki meusi, yenye unyevu, yakinuka.

Sehemu tisa zilihitaji kuchimbwa zaidi. Kubwa kuliko zote ilikuwa milimita 200 kwa 140 na kina cha milimita 3 chini ya uso uliochunwa. Kingo zake zililazwa kwa uwiano wa 12 kwa 1, yaani kina cha milimita 3 hupewa mteremko wa milimita 36 kuzunguka shimo. Nyundo ilirudiwa. Sehemu mbili kati ya zile tatu za mlio butu zilikuwa zimeondoka na randa, ya tatu iko kati ya zilizochimbwa.

Wiki ya 3 hadi ya 6: kuosha

Hii ndiyo hatua inayoamua kama kazi itadumu, na ndiyo inayofupishwa kuliko zote kwa sababu haionyeshi chochote machoni. Maji huondoka kwa hewa kavu. Glaikoli haiondoki hivyo: propilini glaikoli huchemka kwa nyuzi 188 za Selsiasi, na juu ya hayo huvuta unyevu wa hewani kuja kwake. Bodi inaweza kukaa hemani mwaka mzima, uso ukakauka, kipimo kikashuka, na mbegu ya malengelenge ikawa bado imo ndani. Siku epoksi, resini ya kujengea upya, ikifunikwa juu yake, safari inaanza upya chini ya koti jipya. Kinachoitoa ni maji yenyewe, maana huyeyuka majini vizuri sana, na ya moto huyeyusha zaidi.

Mashine ya kuoshea ni ya shinikizo yenye kichemshio, maji yanatoka kwa nyuzi 80 hadi 90, yasiyo na chumvi. Pua ya kumwagia inashikwa sentimita 20 kutoka kwenye bodi na kwenda polepole, dakika mbili kwa kila mita ya mraba, kuanzia juu kwenda chini. Mara ya kwanza siku inayofuata kuchuna, kisha mara mbili kwa wiki.

Dalili ya kuangalia hutokea saa 24 baada ya kuosha. Sehemu safi inakuwa kavu, rangi ya majivu sawasawa. Sehemu yenye glaikoli inatoa jasho: vitone vidogo vinavyong'aa, vinanata kidoleni, na havikauki hata feni ikielekezwa. Kila penye jasho panawekewa duara la chaki. Kisha karatasi ya pH iliyoloweshwa kwa maji yaliyotoneshwa inabandikwa hapo dakika moja.

Wiki ya 3, mwisho: maduara 61, pH kati ya 4 na 5.
Wiki ya 4, mwisho: maduara 34, pH kama 5.
Wiki ya 5, mwisho: maduara 12, pH 5.5 hadi 6.
Wiki ya 6, mwisho: maduara 2, kwingine kote pH 6.5 hadi 7.

Kati ya hayo mawili, moja lilikuwa kitundu kirefu kilichofuata uzi wa faiba kuelekea ndani. Kilifunguliwa kwa grinda ndogo, sentimita 6, kikaoshwa peke yake siku tatu mfululizo.

Asetoni au kimiminika kingine cha kuyeyushia hakifutwi kwenye bodi iliyo wazi. Kingeingia ndani pamoja na uchafu na kukaa humo.

Wiki ya 7 hadi ya 15: kukausha

Hema la turubai limefungwa kuanzia mstari wa maji hadi chini, mashine ya kukausha hewa ndani, mpira wake wa maji ukitoka nje ya hema. Ndoo iliyosahaulika hujaa usiku na kurudisha unyevu uleule hewani. Feni mbili zinazungusha hewa. Hita za infraredi zinahamishwa kila siku, uso wa bodi ukishikiliwa kati ya nyuzi 30 na 40. Hakuna haja ya kuvuka 50: poliesta ya zamani huanza kulegea joto likipanda zaidi, na bodi iliyochunwa inaweza kubonyea penye viegemeo.

Nukta 24 zimetiwa alama ya kudumu na kupimwa kila Ijumaa saa ileile, hita zikiwa zimezimwa tangu usiku. Wastani ulikuwa 62 mwanzoni, ukashuka hadi 44 wiki ya 9, 29 wiki ya 11, 19 wiki ya 13. Hapo nukta mbili ziligoma.

Nukta namba 7 ilibaki 48. Ndani, nyuma yake, kuna tangi la mafuta la chuma cha pua lililogusana na bodi. Liliposogezwa sentimita 15, kipimo kilisoma 17 papo hapo. Bomba za chuma, tangi zenye maji na maji ya ngama vyote humpa mpimaji namba za uongo namna hiyo, kwa hiyo anayepima nje lazima ajue kilicho ndani.

Nukta namba 18 ilibaki 37, na ndani hakukuwa na chuma. Iliguswa kwa kidole: inanata kidogo. Ilirudishwa kuoshwa kwa maji ya moto mara tatu katika siku sita. Kipimo kilipanda kwanza hadi 70, kikatisha tamaa, kisha kikashuka moja kwa moja hadi 16 ndani ya siku kumi. Hita pekee isingeifikisha hapo.

Mwisho wa wiki ya 15 nukta zote zilisoma kati ya 11 na 16, sawa na bodi ya juu ya mstari wa maji. Hakuna aliyetosheka na kipimo pekee. Vipande vya nailoni angavu, sentimita 30 kwa 30, vilibandikwa sehemu nane, kingo zote zikafungwa kwa utepe, na hita zikaelekezwa hapo saa 24. Hakuna tone lililoonekana chini ya nailoni. Matundu ya mkuku nayo yalikuwa yamekauka tangu wiki ya 12; yamezibwa kwa epoksi nzito.

Wiki ya 16 na 17: kurudisha unene

Milimita 2 zilizotoka zinarudishiwa matabaka mawili ya kitambaa cha nyuzi zilizoshonwa, gramu 450 kwa mita ya mraba, nyuzi zake zikilala kwa pembe ya digrii 45 kila upande. Pamoja huleta milimita 1.1 hivi, lakini nguvu yake ni kubwa kuliko mkeka wa zamani wa unene huo. Mkeka wa kawaida wa nyuzi fupi haufai na epoksi. Gundi yake hutegemea staireni, kiyeyushi kilichomo ndani ya poliesta, ili iyeyuke. Epoksi haina staireni, kwa hiyo mkeka unabaki mgumu na haulali kwenye pembe. Poliesta nayo haishiki vizuri juu ya epoksi, hivyo kuanzia hapa hadi mwisho ni epoksi tupu.

Kitambaa: mita za mraba 52, ukiongeza asilimia 10 ya kupandiana ni 57, sawa na mita 45 za gombo lenye upana wa mita 1.27, uzito kilo 26. Epoksi: kilo 26 za kulowesha kitambaa na 6 hadi 7 za koti la kwanza kwenye bodi, jumla kilo 33.

Mashimo tisa yalijazwa kwanza kwa viraka, kikubwa chini na kidogo juu. Koti la kwanza la epoksi lilipakwa alasiri, bodi ikiwa inaanza kupoa. Asubuhi, joto likipanda, hewa iliyo kwenye vitundu hutanuka na kusukuma vipovu kupitia epoksi mbichi. Baada ya hapo koti jembamba lililotiwa unga wa silika hadi likawa zito kama uji, ndipo kitambaa, kisha rola na kikwangulio cha plastiki hadi weupe wote uishe. Utando wa nailoni wa kubandua umewekwa juu ya tabaka la mwisho. Ukibanduliwa huacha uso mkwaruzo, safi.

Kila mchanganyiko ulikuwa gramu 500 na ulimwagwa mara moja kwenye sinia pana. Kilo nzima ikiachwa kwenye kopo refu hupata moto kwa yenyewe, hutoa moshi na kuganda kabla ya kufika kwenye bodi.

Kasoro moja: kipande cha nusu mita ya mraba upande wa kulia kilikuwa bado kinanata baada ya saa 24. Pampu ya kigumishi ilivuta hewa, na uwiano wa 5 kwa 1 ukapotea. Kuongeza kigumishi juu yake hakusaidii, wala kufunika kwa koti jingine. Kwenye poliesta kiasi cha kichocheo, kisipovuka mipaka yake, hubadilisha kasi tu. Kwenye epoksi kigumishi ni sehemu ya kiungo chenyewe, na kilichokosa mwenzake hakitaganda kamwe. Kilikwanguliwa chote, kikafutwa, kikajengwa upya. Tangu hapo kila kopo limepimwa kwa mizani.

Wiki ya 18 na 19: lipu

Uso wa epoksi ulioachwa wazi hutoa utando wa nta ya amini, kemikali ya kigumishi. Umeoshwa kwa maji safi na sponji ngumu kabla ya msasa. Ukianza na msasa unausukuma utando ndani ya mikwaruzo, na koti lijalo litabanduka hapo.

Lipu ni epoksi, silika na vipovu vya kioo. Vile vya rangi ya kahawia vya fenoli vimeachwa kwa kazi za juu ya maji, kwa kuwa hunywa maji. Zimetumika lita 20, na ubao wa msasa wa sentimita 80.

Wiki ya 20: kizuizi

Kizuizi ni makoti ya epoksi ya kuzuia maji yasiingie tena, na lengo ni mikroni 500 zilizokauka. Mita za mraba 26 kwa nusu milimita ni lita 13. Ukiongeza asilimia 20 ya rola na sinia ni 16. Epoksi isiyo na kiyeyushi imepakwa makoti sita, moja la kijivu, moja jeupe, kwa zamu. Rangi mbili huonyesha mara moja palipoachwa. Kila koti limepimwa likiwa bichi kwa kitana cha kupimia unene, mikroni 90 hadi 100. Pembe za mkuku na kingo za usukani zimepewa koti la ziada, kwani rangi hujivuta kutoka penye ncha.

Kazi iliendelea pale tu bodi ilipokuwa na joto la angalau nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo unyevu wa hewani huanza kuwa matone. Koti hufuata koti likiwa bado linanata, bila msasa kati yake. Viegemeo vilihamishwa kimoja kimoja, na mraba uliokuwa chini ya kila kimoja ulipewa hatua zote kuanzia kuchuna. Hapo ndipo malengelenge ya kwanza huonekana kwenye kazi za haraka: miraba minane yenye ukubwa wa bao.

Koti la sita lilipofika pale ambapo kidole gumba kinaacha alama bila kutoka na rangi, koti la kwanza la rangi ya kuzuia chaza na mwani lilipakwa juu yake. Dirisha hilo likipita, itabidi kusubiri igande na kupiga msasa bodi yote.

Wiki ya 22: kurudi majini

Epoksi imepewa siku 14 kwa nyuzi 20 na zaidi. Kila tundu la koki limepakwa epoksi mara tatu kwenye ukingo wake wa ndani, maana nyuzi zilizokatwa hunyonya maji kama utambi wa taa. Koki mpya ni za bronzi. Zile za brasi zilizotolewa, zikikwaruzwa, zinaonyesha rangi ya waridi: zinki imeondoka, na moja ilivunjika kwa mkono. Ngama imepakwa epoksi sasa tu, baada ya bodi kukauka, na kona ile isiyomwaga maji imejazwa hadi ikapata mteremko kuelekea kwenye pampu.

Chombo kimeshushwa saa mbili asubuhi. Koki zimekaguliwa kila saa kwa saa sita, kisha asubuhi yake. Ngama kavu. Vipimo vya nukta 24, picha za miraba na unene wa makoti vimeandikwa kwenye daftari la chombo. Upandishaji ujao ni baada ya miezi 12: pampu ya shinikizo, taa ya ubavuni, miraba ileile ya chaki.